Mtoto wa Mwalimu Asome Wapi?

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Usemi huo umekaririwa katika mikutano mingi ya wazazi hata umekuwa mwepesi masikioni mwetu, lakini wepesi wa kusikiwa si wepesi wa kutendwa. Katika insha hii tunakusudia kuchunguza swali moja linalouweka usemi huo katika mizani. Mzazi mwenye uwezo anapomwondoa mwanawe katika shule ya umma, inayosomwa na watoto wa wote, akampeleka katika shule ya kulipia, je, anatenda kosa? Na kama si kosa, amebakiwa na deni gani kwa watoto aliowaacha nyuma?

Tutalijadili swali hili kwa kuitazama mikoa ya Mbeya na Iringa kama ilivyokuwa kabla ya kugawanywa, yaani kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016. Tunazo sababu mbili. Kwanza, Nyanda hizo za Juu Kusini zimeona karibu kila namna ya shule: za misheni, za rangi, za serikali, za wananchi, na za wafanyabiashara. Pili, ndiko tulikolelewa, tukasoma na kufundisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tumevilalia vitanda vyote viwili.

Hatuna budi kuanza na malezi yaliyokuwapo kabla ya shule. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na desturi ambayo wataalamu wa mila wameiandika kwa kirefu, hasa Monica Wilson katika kitabu alichokichapisha mwaka 1951. Wavulana walipofikia umri wa miaka kumi au kumi na mmoja hivi waliondoka katika nyumba za wazazi wao, wakajenga vibanda vyao pembeni, na kibanda baada ya kibanda kikazaliwa kijiji cha rika moja. Walilala huko, lakini waliendelea kulima mashamba ya baba zao, na kwa chakula walikwenda makundi kwa makundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Mtoto wa mkuu naye alikuwa na wenzi wa rika lake, watoto wa watu wa kawaida, aliokua pamoja nao. Fadhila iliyothaminiwa kuliko zote katika maisha hayo iliitwa ukwangala, yaani utamu wa kukaa na wenzako, kula nao, kuzungumza nao, na kupata hekima kwa njia hiyo.

Hatusemi kwamba maisha hayo yalikuwa pepo. Wasichana hawakuwa na vijiji vyao, na wakuu walibaki kuwa wakuu. Lakini yalikuwa na jambo moja ambalo shule zetu zinapaswa kulitamani: mama aliyepakua chakula hakuweza kumtengea mwanawe chungu cha peke yake, maana mwanawe alikuja na wenzake, na kesho yake mwanawe angekula kwa mwingine.

Shule za kwanza zililetwa na wamisionari. Wamoravian na Walutheri wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka 1891. Serikali ya kikoloni ilifuata baadaye, na hapa kuna kisa ambacho kila mwalimu wa mikoa hii angefaa kukijua. Mwaka 1928 serikali ya Waingereza ilifungua shule Malangali, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Mufindi, chini ya ofisa wa elimu aitwaye W. B. Mumford. Nia ya Mumford ilikuwa nia ambayo hata leo tungeweza kuisifu: alitaka shule isimkate mtoto na mila zake. Wazee waliitwa kufundisha habari za kale na adabu. Ngoma na kutupa mikuki vikapewa nafasi katika ratiba. Mavazi na malazi yakafanywa yafanane na ya nyumbani. Hata hivyo jaribio hilo halikudumu.

Mengi yanaweza kusemwa juu ya sababu zake. Sisi tunaona moja inayohusu swali letu. Waliobuni mpango ule hawakumsomesha hata mtoto mmoja wa kwao kwa mpango huo. Watoto wa Kizungu walikuwa na shule zao wenyewe. Mbeya ilikuwa na shule yao ya bweni tangu miaka ya 1940, na mjini Iringa ikajengwa katika miaka ya 1950 shule iliyoitwa St Michael's and St George's. Watoto wa Kihindi nao walikuwa na shule zao. Mwafrika alitazama, akapima. Elimu ambayo mtoaji wake hampi mwanawe, mpokeaji ana haki ya kuitilia shaka, hata kama ndani yake mna mema.

Uhuru ulikuja kuivunja mizani hiyo. Kuanzia mwaka 1962 ubaguzi wa rangi katika shule ulifutwa kisheria. Mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na mwezi mmoja baadaye Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, aliyoonya ndani yake kwamba elimu tuliyoirithi iliwatenga wachache na kuwafanya wajione bora kuliko wazazi wao. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliiwezesha serikali kuzitwaa shule za misheni zilizosaidiwa kwa fedha za umma, na shule kama Tosamaganga, iliyoanzishwa na Wakatoliki, ikawa ya wote. Ile shule ya watoto wa Kizungu ya Iringa ikapewa jina la Mkwawa, Mtwa wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Na tangu mwaka 2005 mahali hapo pana Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kinacholea walimu. Mahali ambapo Mwafrika angeingia kama mpishi au mfagiaji pakawa mahali pa kumwandaa mwalimu wa watoto wote.

Sisi tulianza darasa la kwanza wilayani Rungwe mwaka 1977, mwaka ambao taifa lilikuwa limejiwekea katika Azimio la Musoma la 1974 kuwa kila mtoto wa umri wa shule awe amepata nafasi. Tulikuwa wengi. Wengine tuliketi juu ya magogo, na mvua za Rungwe, ambazo hazina adabu ya kusubiri msimu, zilitukuta njiani kila siku. Lakini katika darasa hilo alikuwamo binti wa bwana mganga wa zahanati, mtoto wa katibu tarafa, watoto wa mwalimu mkuu, na mtoto wa mzee aliyechunga ng'ombe za watu. Hapakuwa na shule nyingine.

Mwaka 1979 upepo uling'oa bati kadhaa za darasa letu. Mvua ilinyesha siku mbili, na mtoto wa katibu tarafa alirudi nyumbani daftari zake zimelowa kama za wenzake. Kabla ya juma kwisha paa lilikuwa limepigiliwa. Wakati ule tuliamini kwamba serikali ilikuwa na bidii. Tulipokuwa watu wazima ndipo tulipotambua kwamba bidii ile ilikuwa na sababu: daftari lililolowa lilikuwa la mtoto wa mtu mwenye sauti.

Mwaka 1983 tulimaliza darasa la saba. Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, hata hazikumfikia mmoja katika kila wahitimu kumi. Sisi hatukuchaguliwa. Lakini wakati huo huo jambo jipya lilikuwa likiota mkoani Iringa. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta, mwenyeji wa Njombe, ilikuwa imekwisha kutoa taarifa yake mwaka 1982, na haja ya kupanua sekondari ilikuwa dhahiri kwa kila mtu. Wananchi wa Mufindi na Njombe hawakusubiri. Walianzisha mifuko ya elimu ya wilaya, wakachangishana fedha za mazao, wakafyatua matofali, wakayachoma, wakajenga shule. Katika vitabu vya serikali shule hizo ziliandikwa kuwa za binafsi, kwa sababu hazikuwa za serikali. Lakini ubinafsi wake ulikuwa wapi, ilhali mjane alitoa mchango na tajiri alitoa mchango?

Baba yetu aliuza kahawa ya msimu mzima na ndama mmoja, nasi mwaka 1984 tukapelekwa katika shule moja ya namna hiyo wilayani Mufindi. Tulikwenda na godoro, ndoo na jembe. Baridi ya Juni kule huufanya mkono usiweze kushika kalamu mpaka jua lipande. Baadhi ya walimu wetu walikuwa wamemaliza kidato cha sita mwaka uliotangulia, na maabara ilikuwa meza moja na taa ya spiriti. Vijana wa shule za serikali, tulipokutana nao katika michezo, walituita makombo, kwa kuwa sisi ndio tuliobakizwa na mtihani. Tulikuwa na aibu ya shule yetu. Hata hivyo tulisoma, na mwaka 1988 tukachaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya serikali mkoani humo. Huko tulikuta maktaba yenye vitabu ambavyo hatukuwahi kuviona, maabara yenye mabomba ya gesi, na walimu wenye shahada. Tulikaa chumba kimoja na vijana kutoka Mtwara, Kagera, Mara na Pemba. Ukwangala ambao babu zetu waliupata katika vijiji vya rika, sisi tuliupata katika bweni la serikali.

Tumeyaeleza haya ili msomaji kijana, anayeyaona mambo ya leo, afahamu kwamba heshima haikai daima upande mmoja. Katika miaka ya 1980 shule ya serikali ilikuwa ndiyo fahari, na ya binafsi ilikuwa kimbilio la waliokosa. Leo mizani imepinduka. Mwaka 1995 sheria ilirekebishwa, na watu binafsi wakapata nafasi pana zaidi ya kuanzisha shule, zikiwamo za msingi. Zikachipua shule za mchepuo wa Kiingereza mijini Mbeya na Iringa, zenye mabasi ya njano na sare za kupendeza. Katika matokeo ya kidato cha nne, Shule ya Wasichana ya St Francis ya Mbeya, iliyo ya Kanisa Katoliki, imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa zinazoongoza taifa zima. Kwa upande wa pili serikali ilifuta ada ya shule za msingi, mpango wa MMEM ukaanza mwaka 2002, na watoto wakafurika. Sekondari za kata zikajengwa kila mahali, hata kufikia mwaka 2010 sekondari za serikali zilizidi 3,000. Majengo yalitangulia walimu. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walishindwa, hata baada ya alama kupangwa upya. Waliotuita makombo sasa wanawatafutia watoto wao nafasi katika shule za binafsi.

Sasa tunafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito. Mwaka 2004 tulikuwa walimu katika shule ya msingi ya serikali mkoani Mbeya. Darasa letu lilikuwa na watoto zaidi ya mia moja. Mtoto wetu wa kwanza alipofikia umri wa kuanza shule, hatukumwandikisha pale tulipofundisha. Tulimwandikisha katika shule ya kulipia ya mchepuo wa Kiingereza, na sehemu kubwa ya mshahara ikaenda huko. Tulijiambia kwamba mzazi hana ruhusa ya kumtoa mwanawe kafara kwa ajili ya kanuni.

Mwaka huo huo, baada ya mkutano wa wazazi, bibi mmoja aliyekuwa akiwalea wajukuu watatu yatima alitungoja mlangoni. Tulimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwalimu, nikuulize neno, wala usinielewe vibaya. Mpishi akitupikia uji, halafu wanawe mwenyewe akawanunulia mkate, sisi tunaokunywa uji huo tufikiri nini?" Hatukuwa na jibu. Yeye hakuwa amepata kusikia habari za Mumford wala Malangali, lakini alikuwa ameuliza swali la Malangali, na safari hii aliyesimama upande wa Mzungu tulikuwa sisi.

Tuzipime basi hoja kwa haki. Mtetezi wa shule za binafsi husema kwamba mzazi anayelipa ada humpunguzia mzigo mwenziwe, kwa kuwa huacha nafasi ya dawati. Hoja hii ina ukweli, na hatuwezi kuidharau mahali ambapo watoto watano hubanana katika dawati la watatu. Husema pia kwamba wajibu wa kwanza wa mzazi ni kwa mwanawe. Hili nalo ni kweli. Asiyemjali wa kwake hatamjali wa jirani. Tena shule nyingi za binafsi hazikujengwa na matajiri. Zimejengwa na makanisa, misikiti, na wanakijiji kama wale wa Mufindi, bila kusubiri mtu. Kuzishutumu zote kwa jina la usawa ni kuutukana mkono uliojenga. Isitoshe, si kila shule ya kulipia ni njema. Zimo ambazo wema wake huishia katika rangi ya basi.

Lakini hoja hizo zinahesabu madawati tu, na shule haiishi kwa madawati peke yake. Mzazi mwenye uwezo anapoondoka huacha nafasi moja, lakini huondoka na vitu viwili.

Kwanza, huondoka na sauti yake. Katika kila kijiji wapo wazazi wanaojua kusoma waraka, wanaoweza kuingia ofisi ya mkurugenzi bila kutetemeka, wanaoweza kuuliza fedha za madawati zimekwenda wapi. Wazazi hao ndio waliopigilia bati za darasa letu mwaka 1979. Watoto wao wakihama, mvua itaendelea kunyesha darasani, na watakaolowa ni wale ambao wazazi wao hawajui mlango wa kubisha. Shule ya maskini peke yao haichelewi kuwa shule maskini. Si kwa sababu wazazi wake hawapendi elimu; bibi yule aliipenda kuliko sisi. Ni kwa sababu taifa husikia haraka kilio cha wale linaowafahamu.

Pili, huondoka na ukwangala. Likizo moja mtoto wetu alirudi nyumbani, na mtoto wa jirani, mwenziwe tangu wakitambaa, akaja kumwita wacheze. Wetu alimjibu kwa Kiingereza, si kwa kiburi, bali kwa mazoea ya shule. Yule mwingine alisimama kitambo, akiutazama mdomo wa mwenziwe, kisha akaondoka taratibu. Hakurudi tena likizo ile. Tulilipa ada ili mwanetu apate lugha, na alipata. Lakini hatukuwa tumeambiwa kwamba angelipia kwa kumpoteza jirani. Watoto hao wawili kesho watakuwa hakimu na mshtakiwa, daktari na mgonjwa, diwani na mpiga kura. Wasipokua pamoja, watajuana lini?

Mtoto wetu wa pili alipofikia umri, tulimwandikisha katika shule tuliyofundisha. Tusijisifu kwa hilo, kwani mshahara nao ulikuwa umeelemewa. Lakini lilitokea jambo la kutufedhehesha. Choo cha wanafunzi kilikuwa kimebomoka upande mmoja kwa miaka mingi, nasi tulikipita kila siku. Kabla ya mwezi mmoja kwisha tangu mwanetu aanze, tulikuwa tumesimama katika mkutano wa kamati ya shule, tukizungumza juu ya choo hicho kwa sauti ya juu. Mwalimu mwenzetu alituuliza kwa upole kama choo kilibomoka jana. Je, watoto mia moja wa darasa letu hawakuwa watoto mpaka alipokuja wa kwetu?

Wala hatutaki kumdanganya msomaji kwa mwisho wa hadithi za mafunzo. Wa kwanza alipata alama bora kuliko wa pili. Ndiyo maana swali hili ni gumu. Lingekuwa jepesi kama wema na faida vingekaa siku zote nyumba moja.

Kwa hiyo tunahitimisha hivi. Mzazi anayempeleka mwanawe shule ya kulipia hatendi kosa kwa tendo hilo pekee. Hatumhukumu, maana tungejihukumu. Kosa huanza pale anapodhani kwamba stakabadhi ya ada imemwondolea deni lake kwa shule ya wote. Deni hilo lingalipo. Hulipwa kwa kuhudhuria mkutano wa kijiji unapojadili shule ambayo mtoto wake hasomi. Kwa kuuliza habari za fedha zake kana kwamba anasoma. Na kwa kumlea mtoto anayesoma kwa ada ili ajue lugha ya jirani yake na asiione haya. Deni la kiongozi, ofisa wa elimu na mwalimu ni zito zaidi, kwa kuwa wao ndio wapishi. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi kidato cha sita. Mlango uko wazi kwa wote. Kilichobaki ni kuamua chakula kilichomo ndani ni cha namna gani, na hilo haliamuliwi vizuri na mtu asiyekionja.

Wanafunzi mtakaosoma insha hii mtakuwa wazazi, na baadhi yenu mtakuwa walimu. Siku moja mtashika fomu ya kumwandikisha mtoto, na hakuna sheria itakayowaamulia. Popote mtakapomwandikisha, pitieni kwanza katika ile shule nyingine, iliyo karibu zaidi na nyumba yenu, mkatazame paa lake na choo chake. Bibi yule wa Mbeya hakutaka tuache kuwanunulia watoto wetu mkate. Alitaka tuonje uji.